Redio koli ya botini: miezi minane nayo, na nilichokikuta ndani

Redio hii ya wati 25 niliinunua mtumba hapa Tanga, nikaifunga kwenye boti yetu pale Sahare. Nusura niitupe wiki ya kwanza.

Kupokea ilipokea vizuri, chaneli 16, ile ya wito na dharura, inaingia safi. Lakini ukibonyeza kitufe cha maiki useme, taa zinazimika, redio inaanza kujiwasha upya. Nahodha akaniangalia. "Mwanangu, umeuziwa kopo."

Nikaipeleka nyumbani, nikaifungua. Kitu cha kwanza ni uzito: mwili wote ni alumini nene, mgongoni ina mapezi ya kupozea. Transista kubwa ya kurushia imekazwa kwa skrubu mbili kwenye alumini hiyohiyo, na chini yake kuna ule uji mweupe wa kupitisha joto. Ulikuwa umekauka na kupasukapasuka. Nikaufuta kwa spiriti, nikapaka mwingine.

Sehemu ya kupokea imekaa peke yake, imefunikwa vibati vilivyolehemiwa pembeni. Hapo ndipo nilipomvulia kofia aliyeisanifu. Ukirusha wati 25 kwenye waya wa antena wa omu 50, unapita umeme wa volti kama 35. Ukiachia kitufe, waya uleule unaleta mawimbi yasiyofika hata sehemu moja ya milioni ya volti, na redio inayasikia! Kazi hizo mbili zinapishwa na diodi ndogo tu, zinazofanya kazi kama swichi. Bila vile vibati, kelele za saketi nyingine zingevuja huko na kuifanya kiziwi.

Ndani hapakuwa na kilichoungua, basi nikarudi botini na mita ya kupimia umeme. Betri ilisoma volti 12.6. Nikamwambia mdogo wangu abonyeze maiki, chaneli ya mazungumzo na si 16: nyuma ya redio umeme ukaporomoka hadi 9.1. Ikirusha inavuta ampea 5 hadi 6, na mimi niliifunga kwa waya mwembamba wa spika, mita nne kutoka kwenye betri. Nikaweka waya wa milimita 4 za mraba, fyuzi karibu na betri. Haijazima tena, na kusi lote tumelipita nayo.

Naipa nyota nne. Ya tano imepotelea kwenye tundu la antena: mbele wameziba kwa mpira kila mahali, nyuma wameacha wazi, na mwezi wa tano nilikuta kutu ya kijani. Sasa nimeizungushia tepu ya mpira. Ukichomoa antena kusafisha, tafadhali usibonyeze kitufe. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ikaunguza ile transista.

Juzi tukiwa nje ya kisiwa cha Yambe bahari ilichafuka. Nahodha alishika maiki mwenyewe, akaita Sahare. Wakamjibu mara ya kwanza.