Mashine za umeme za misuli: kabla hujauliza bei, uliza vibandiko

Mwaka jana nilimaliza kilomita 21 za Kili Marathon pale Moshi na kesho yake mapaja yamekaza, ngazi nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Niliporudi Dar nikaenda Kariakoo nikanunua mashine ya umeme ya misuli, ile unayobandika stika mwilini inapitisha umeme mdogo kwenye msuli, kwa 85,000. Wiki mbili za kwanza raha tupu, ya tatu zile stika zenye jeli zikaanza kubanduka, ya nne hazishiki kabisa. Nimerudi dukani kaka ananiambia dada hizo haziuzwi peke yake, chukua mashine nyingine. Yaani mashine nzima, inawaka mpaka leo, ipo tu kwenye droo.

Ndo maana hapa sikuhesabii programu wala ukubwa wa kioo, hayo utayasoma kwenye boksi. Mimi naangalia kibandiko, yaani hiyo stika ya jeli. Jeli inaisha jamani, jasho na losheni vinaimaliza haraka zaidi, na kingo zikishanyanyuka umeme wote unapita pale padogo palipobaki kushika, unang'ata kama siafu. Watu wanadhani mashine imeharibika. Kwa hiyo angalia waya unaungana vipi na kibandiko: kama ni kipini chembamba cha milimita 2, au kifungo cha kubana kama cha nguo za kichanga, vya kununua baadaye utapata, hata vya kampuni nyingine. Yangu ilikuwa na tundu la umbo lake peke yake, hakuna kinachoingia.

Halafu uliza kama ni TENS au EMS. TENS inatuliza maumivu kupitia mishipa ya fahamu, EMS ndo inafanya msuli wenyewe ujikaze na kuachia. Ya kupumzisha misuli baada ya mazoezi inapiga taratibu, chini ya mapigo 10 kwa sekunde, unaona kigimbi kinarukaruka na damu inatembea. Maumivu yanapungua, kwangu nayaona, ila nguvu za mguu hazirudi haraka kwa sababu yake, hapo ni kulala na kula.

Namba moja kwangu ni Beurer EM 49 na sifichi, hawa Wajerumani nawapenda. Ina TENS na EMS humo humo, njia mbili za umeme, kila moja na waya na vibandiko vyake, unazoweza kupandisha kila moja kivyake (mguu wangu wa kushoto hauvumilii kama wa kulia), na vibandiko ni vya kifungo, 45 kwa 45 mm, vinauzwa peke yake. Kwa paja nene ni vidogo kidogo, hilo nakubali.

Namba mbili Compex, asili yake Uswisi. Njia nne, unafunga miguu yote miwili kwa mpigo, na kuna vibandiko vikubwa vya sentimita 5 kwa 10 ambavyo kwenye paja havichomi. Ingekuwa ya kwanza, bei ndo imeishusha.

Tatu Omron. Vibandiko vyao vya muda mrefu unaviosha kwa maji na wanasema unaweza kuvitumia mpaka mara 150, hapo wamewashinda wote, ila mashine zao nyingi ni TENS, za maumivu tu. PowerDot inaendeshwa kwa simu, na mimi simu yangu chaji haikai, nimeiacha.

Vile vizulia vya kukanyaga na vipepeo vya kubandika shingoni vya bei chee, acha.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei mpaka inbox? Mtu anaposti picha kumi, anaandika inayeyusha kitambi, inatibu presha, ukiuliza bei anakwambia njoo inbox dear, na huko kila mtu na bei yake. Kuyeyusha kitambi ni uongo. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nina mimba, kifafa au kifaa cha moyo kifuani, wakati hao hawatakiwi kuigusa bila daktari! Usibandike kifuani wala mbele ya shingo. Kigimbi kimoja kikivimba, kina joto na kinauma, usiweke umeme, nenda hospitali, inaweza kuwa damu imeganda.

EM 49 yangu niliiagiza pamoja na pakiti 3 za vibandiko. Naosha mguu kwanza, sipaki mafuta, nikimaliza narudisha kila kibandiko kwenye plastiki yake. Bado niko pakiti ya pili.