Kabla ya kuuliza betri, uliza gundi: vifaa vya kukunyoosha mgongo mezani

Lalamiko linalorudi sana kuhusu vifaa hivi, vile vidogo vya kuvaa mgongoni vinavyotetema ukijikunja, si kwamba havitetemi, wala kwamba programu yake ni nzito. Ni kwamba vinadondoka. Mtu kaagiza kifaa nje, kalipia usafiri na kodi, asubuhi kakibandika juu ya mgongo, na ikifika saa tano kimeteleza ndani ya shati mpaka kiunoni, kinatetema kwenye mkanda wa suruali huku mwenyewe yuko kikaoni. Vibandiko vilivyokuja kwenye boksi vikiisha, ukaviulizia Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, utaonyeshwa gundi ya wigi. Usiinunue. Imetengenezwa ishike siku kadhaa, na kuibandua kila jioni kwenye ngozi ya mgongo ni adhabu.

Kwa hiyo hapa sikupanga kwa rangi, kwa wembamba wala kwa idadi ya grafu kwenye simu. Hayo yamejaa kwenye kila tangazo. Nimepanga kwa kuangalia kifaa kinashikilia wapi, na kikihama kidogo vipimo vinaharibika kiasi gani.

Milimita 5 zinazoharibu kazi

Vifaa vya kuvaa karibu vyote vina kihisi cha aina moja, kile kile kinachogeuza skrini ukiilaza simu. Kinapima kimeinama nyuzi ngapi ukilinganisha na mvutano wa dunia, basi. Hakijui uti wa mgongo wako uko wapi. Unakaa wima, unabonyeza, kinaihifadhi pembe ile kuwa sifuri. Ukiinama kupita kiwango ulichoweka, na ukabaki hivyo kwa sekunde ulizochagua, kinatetema.

Sasa chukua kifaa chenye urefu wa sentimita 5. Ukingo wake wa juu ukibanduka na kuinuka milimita 5 tu, pembe imehama karibu nyuzi 6. Kifaa kinaamini umeegemea nyuma, kwa hiyo utaanza kupinda mgongo nacho kimya. Ukibanduka ukingo wa chini, mambo yanageuka: kinakuona umeinama, kinatetema mfululizo ilhali umekaa kama askari wa gwaride. Hapo ndipo watu husema kihisi ni kibovu na kukitupia droo. Kihisi ni kizima. Gundi ndiyo imelegea.

Inalegea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jasho, ambalo linatandaza maji kati ya ngozi na gundi, na kwa joto la Dar, Mombasa au Unguja hilo halichukui hata nusu saa. Ya pili ni mafuta na poda. Mafuta ya nazi, losheni, Vaseline, poda ya watoto, vyote hivyo tunavipaka shingoni na mabegani asubuhi, palepale kifaa kinapotakiwa kukaa. Maelekezo ndani ya boksi yatakwambia uanze na ngozi safi na kavu, kana kwamba ngozi ya hapa inabaki kavu baada ya kushuka kwenye daladala.

Ukiamua kutumia vibandiko, basi usibandike nyumbani. Fika ofisini, kaa kwenye feni au kiyoyozi kama robo saa mpaka upoe. Inamisha kichwa, tafuta ule mfupa unaochomoza shingo inapoishia. Mahali pako ni chini yake kidogo, katikati. Pafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu, kausha, halafu pitisha pamba yenye spiriti ya asilimia 70 na usubiri ikauke kabisa, kwa sababu ikibaki mbichi inailainisha gundi badala ya kuisaidia. Kibandike kibandiko kwenye kifaa kwanza, ndipo mgongoni, ukandamize nusu dakika bila kusugua. Sifuri usiiweke papo hapo. Subiri dakika 10 gundi itulie, inuka, kaa tena, ndipo ubonyeze. Jioni bandua polepole kuanzia pembeni na ukirudishie kibandiko nailoni yake kisikusanye vumbi. Ngozi ikiwasha au kutoa vipele, acha kabisa, usihamishie pembeni kidogo ukidhani pale ni salama.

Namba moja: Upright GO 2, lakini pamoja na mkufu

Naipendelea Upright, watengenezaji wa hiki kifaa kidogo cha kubandika mgongoni, na sifichi. Si kwa sababu kihisi chao kina miujiza, bali kwa sababu walitengeneza njia ya kuikwepa gundi. Mkufu wake ni kamba laini inayopita shingoni. Kifaa kinakaa nyuma ya shingo kwa sumaku na uzito wa mbele unakisaidia kisizunguke. Huna cha kubandika, huna cha kuisha, na ukitoka jasho unaufuta kwa kitambaa.

Mkufu huu mara nyingi unauzwa peke yake. Wauzaji wengi wa huku wanaleta kifaa bila mkufu halafu wanashangaa ukiuliza. Soma maelezo ya bidhaa yataje kwamba mkufu ni wa toleo lako, maana GO ya kwanza ina umbo tofauti na GO 2. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asivae kitu chenye sumaku karibu na kifua bila kumuuliza daktari wake.

Mkufu nao una ila zake. Haugandi mwilini, kwa hiyo unacheza: ukigeuka ghafla kuongea na mwenzako wa meza ya pili, unaweza kuhama. Kola ngumu ya shati inausukuma. Kwa anayevaa hijabu, uvae chini ya mtandio, ndani kabisa, na uweke sifuri baada ya kumaliza kujifunga, si kabla. Pini na mikunjo ya kitambaa nyuma ya shingo inatosha kuuinamisha. Uzoee kuweka sifuri upya kila unaporudi kukaa. Ni sekunde chache, na ndiyo tofauti kati ya kifaa kinachosaidia na kinachokera.

Betri, kwa maelezo ya watengenezaji, inakwenda saa 30, yaani karibu wiki ya kazi ukikitumia saa 6 kwa siku. Kina hali mbili: ya mazoezi, inayotetema, na ya kufuatilia, inayoandika kimya kimya. Anza na mazoezi kwa dakika chache na uongeze taratibu. Anayekiwasha siku nzima tangu siku ya kwanza anachoka misuli ya katikati ya mgongo, anaumwa jioni, na kesho yake hakivai tena.

Jambo la kuangalia kabla ya kulipa: tangu 2021 Upright ni mali ya DarioHealth, kampuni iliyojengwa juu ya huduma za kisukari. Vifaa vya mgongo si ndoa yao ya kwanza. Kwa hiyo pakua programu kwenye simu yako kabla ya kuagiza chochote, uone kama inapatikana kwenye nchi yako na kama inafunguka kwenye toleo la simu uliyonayo. Kifaa bila programu kinapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

GO S ni ndugu yake wa bei ya chini. Kinafanya kazi ileile, ila betri imetajwa saa 8, ambayo ni siku moja ya ofisi bila akiba. Kama unachaji kila usiku bila kusahau na umeme wa kwenu hauna mambo, nunua hicho na mkufu wake. Mimi naona tofauti ya bei inaliwa na usumbufu.

Namba mbili, kwa wenye iPhone tayari: Posture Pal na AirPods

Hii ni programu inayotumia vihisi vya mwendo vilivyomo ndani ya AirPods, zile spika za masikioni za Apple, kujua kichwa kimeinama kiasi gani. Hakuna gundi, hakuna mkanda, na hununui kifaa kipya. Inapima shingo tu. Unaweza kuwa umekunja kiuno vibaya na kichwa kikawa wima, ikakuona mtu mwema. Lakini kwa anayeumwa shingo na mabega kwa kuchungulia laptopu, shingo ndiyo habari yenyewe.

Inataka AirPods zenye vihisi hivyo: Pro, Max, au za kizazi cha 3 na cha 4. Za kizazi cha 2 hazifai. Na hapa ndipo pesa zinapopotea: zile feki zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zenye boksi sawasawa na maandishi sawasawa, zinaunganika na simu vizuri tu na muziki unalia, ila nyingi hazina kihisi ndani. Kama unanunua kwa ajili ya kazi hii, fungua programu dukani, inamisha kichwa, uone mchoro unainama nawe. Muuzaji asiyekubali ujaribu ameshakujibu.

Tatizo lingine ni chaji. AirPods Pro za kwanza zinakaa kama saa 4 na nusu masikioni. Zitumie kwa vipindi, saa moja asubuhi na moja mchana. Hata masikio yatakushukuru.

Namba tatu: programu za kamera ya laptopu

Ziko nyingi na baadhi ni za bure. Kamera inakutazama, programu inatafuta macho, pua na mabega, na ikiona uso umeshuka au umekuwa mkubwa kwenye picha, inajua umesogea mbele na kuinama. Hazigusi mwili, kwa hiyo kwenye suala la gundi zinashinda wote. Nimezishusha kwa mambo mengine.

Kamera ya mbele inaona vizuri ukiegemea upande, lakini kichwa kinapochomoza mbele inakisia tu. Dirisha likiwa nyuma yako, uso unakuwa kivuli na programu inapotea. Ukiisogeza laptopu kidogo, sifuri imekwenda. Kwenye Windows kamera kwa kawaida inashikwa na programu moja kwa wakati, hivyo kikao cha video kikianza, ulinzi wa mgongo umekwisha, na kikaoni ndipo watu wanapojikunja kuliko kawaida. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inaisha upesi zaidi kwa sababu kamera na hesabu zake hazilali.

Kuhusu siri za ofisini, kuna jaribio moja rahisi: izindue, izime Wi-Fi, endelea kukaa. Ikiendelea kukuonya, hesabu zinafanyika ndani ya mashine yako. Ikikwama, kuna uwezekano picha zako zinatumwa mahali, na kwa mtu wa benki au wa hospitali hilo halifai.

Mito ya kukalia yenye vihisi

Inapima uzito umeegemea wapi: kushoto, kulia, mbele. Wazo ni zuri kwa anayekaa upande mmoja au kukunjia mguu chini ya paja. Ila mto unakuinua sentimita kadhaa, viwiko vinakuwa juu ya meza na miguu inaning'inia, na kama kiti chako hakishuki umenunua tatizo jipya. Kwenye kiti cha plastiki chenye bonde katikati vihisi vinasoma lile bonde, si wewe. Sifongo nayo ikishabonyea, vipimo vinaanza kuyumba. Kwa bei yake, bora kiti.

Mikanda ya mabegani

Ile yenye kiboksi mgongoni kinachotetema ukipita nyuzi 25 au hivyo, shilingi elfu ishirini hivi za Tanzania mpaka mlangoni. Inabana makwapa, lastiki inalegea, na kiboksi kinalegea nayo. Isiyo na kiboksi ni lastiki tu. Tuendelee.

Kuhusu wauzaji

Bei njoo inboksi. Kwa nini? Kitu ni kimoja, boksi ni moja, lakini bei inategemea picha yako ya wasifu na kama umeandika kutoka Masaki kwa wenye pesa au Mbagala kwa watu wa kawaida. Ukishaipata, unaambiwa utume pesa kwanza na mzigo uko njiani. Waranti ukiulizia, jibu ni "ikifika ikiwa nzima, imefika nzima." Kodi ya ongezeko la thamani inajulikana, kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, hiyo haielezi kwa nini kifaa kilekile kinapishana mara mbili kati ya kurasa mbili za mji mmoja.

Halafu lile bango la mifupa ya shingo, kwamba kichwa kikiinama kinakuwa na uzito wa kilo 27. Namba hiyo inatoka kwenye hesabu za modeli ya kompyuta za daktari wa upasuaji wa Marekani, Kenneth Hansraj, za 2014, na ni kwa shingo iliyoinama nyuzi 60, yaani mtu anayetazama simu mapajani. Mezani mbele ya skrini huinami hivyo. Anayekuuzia mkanda wa ofisini kwa picha ile anakuuzia hofu. Na kama maumivu yanashuka mguuni au mkononi pamoja na ganzi, hapo hakuna kifaa cha kununua. Nenda kwa daktari.

Mtumba na mabaki

GO 2 iliyotumika si mbaya, mradi aliyekuwa nayo aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako na wewe uiunganishe na simu yako kabla ya kutoa pesa. Angalia tundu la chaji lisiwe na kutu ya jasho. Mkufu nunua mpya. Lumo Lift, kile cha kubana kwenye nguo karibu na mtulinga, bado kinajitokeza kwenye mnada wa mtandaoni kwa bei inayovutia. Lumo Bodytech waliokitengeneza waliacha biashara, na kifaa kilitegemea programu yao. Kipite.

Na kabla ya chochote kati ya hivi, inua laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa mkono mmoja, utafute kibodi ya pembeni ili viwiko vibaki karibu na mbavu. Ukiweka sifuri ya Upright huku skrini iko chini, ndani ya dakika 5 itaanza kutetema, na itakuwa na haki.