Godoro nene la kambini lilivyonigandisha Kolo

Kazi ya upimaji ardhi hunilaza kwenye hema mara kwa mara, kwa hiyo nilipopata godoro la kujaza upepo lenye unene wa sentimita 10 niliona nimeula. Usiku wa Juni pale Kolo, Kondoa, karibu na michoro ya miambani, nilitetemeka hadi alfajiri. Blanketi ninalo, lakini baridi inapanda kutokea chini, mgongoni. Mwenzangu alikuwa kwenye kimkeka chake cha povu cha kukunja, Z Lite Sol ya Therm-a-Rest, sentimita 2 tu. Alikoroma usiku kucha.

Kumbe unene ni wa kustarehesha nyonga. Hewa tupu ndani ya godoro haitulii. Inazunguka, inachukua joto la mwili na kulipeleka ardhini. Cha kuangalia ni namba ya R, uwezo wa kuzuia joto lisipite, na hapo ndipo tunapochanganywa. Zamani kila kampuni ilipima kwa mtindo wake, kwa hiyo R 4 ya huyu na R 4 ya yule hazikuwa kitu kimoja. Mwaka 2018 kikatoka kipimo cha pamoja, ASTM F3340: godoro hujazwa, hubanwa kati ya bamba la moto na la baridi, kisha huangaliwa nguvu inayohitajika ili lile la moto lisipoe. Kimkeka cha mwenzangu kina R 2.0. Boksi la godoro langu halina R yoyote, limeandikwa tu "hadi nyuzi 0". Nyuzi sifuri kwa nani, na amevaa nini?

Niliporudi mjini nikatoa mizani ya jikoni na futi kamba. Boksi linasema gramu 600. Pamoja na mfuko na pampu nikapata 740. Upana wa sentimita 60 ni likiwa bapa, likijaa linabaki 55. Kile cha povu kimeandikwa gramu 410, mizani yangu ikasoma 415. Hizo tano nasamehe.

Bahati nzuri namba za R hujumlishwa. Nikapata mkeka wa povu wa mtumba soko la Sabasaba, sasa nautandika chini ya lile nene na mgongo haulalamiki tena. Novemba, joto la Dodoma likichachamaa, nalilalia peke yake.