Redio mapajani kwa dereva kabla ya kufika Naabi: karakana hii siirudii

Redio yenyewe sina ugomvi nayo. Sauti safi, skrini inasomeka hata jua likiipiga. Ugomvi wangu ni na walioifunga. Land Cruiser iliondoka Arusha redio ikiwa dashibodini, na kabla ya Naabi, lango la kuingilia Serengeti, redio ilikuwa mapajani kwa dereva, inaning'inia kwa waya. Wanaoijua ile barabara ya kushuka kutoka Ngorongoro wanaelewa: imejikunja kama bati, kitu kilichobanwa kihuni lazima kiachie.

Gari liliporudishwa, mwenye karakana hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Kaka, gari la porini si linatikisika?" Asante kwa taarifa! Kama lisingetikisika, redio ningeipachika mwenyewe kwa gundi.

Tulipofungua dashibodi ndipo nikakasirika vizuri. Tundu la redio kwenye Toyota nyingi lina upana wa milimita 200, na redio hizi za DIN mbili, yaani zenye kimo cha redio mbili za kawaida, zina kama 178. Ule upenyo wa sentimita moja kila upande hufunikwa kwa vipande vya plastiki, na redio hufungwa kwenye vishikio vya chuma vilivyokuja na gari. Vishikio hawa jamaa walivitupa, wakachomeka kadibodi iliyokunjwa. Kadibodi! Skrubu zilikuwa mbili, zote upande mmoja, na ndefu kupita kiasi. Zinatakiwa angalau nne, mbili kila upande, M5 (unene milimita 5) zenye urefu wa milimita 8. Ndefu zaidi ya hapo zinaweza kuingia ndani na kugusa ubao wa saketi.

Nyuma ya redio hapakuwa na kitu kabisa, na kosa lenyewe ndilo hilo. Redio inashikwa mbele, uzito uko nyuma, kwa hiyo kila shimo mkia unapiga kama nyundo mpaka skrubu zilegee au plastiki ikatike. Dawa yake ni bolti fupi kwenye tundu la mgongoni mwa redio, ukanda wa bati lenye matundu hadi kwenye chuma cha ndani ya dashibodi, kipande cha raba katikati, na nati yenye plastiki ndani isiyolegea. Haimalizi hata nusu saa.

Waya zilisokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Joto likipanda gundi yake inalainika, tepu inafunguka, waya zinagusana. Hata kuunga kwa risasi ya kuyeyusha siamini sana kwenye gari la hivi, kwa sababu waya hukakamaa pale risasi inapoishia na hukatika hapohapo. Tumia viungio vya kubana kwa plaizi yake, vivishe mpira unaosinyaa kwa moto, kisha fungu zima la waya lifungwe mahali lisibembee.

Nyekundu na njano waliziunga pamoja kwenye umeme wa betri usiozimika hata funguo ikitolewa. Njano pekee ndiyo inayotakiwa huko, nyekundu ifuate funguo. Vinginevyo gari likilala kambini siku mbili tatu, asubuhi mnasukuma. Arthi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi, nayo waliifunga juu ya rangi, ndiyo maana altaneta inayochaji betri ilikuwa inaimba kwenye spika kila ukikanyaga mafuta. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, basi.

Hata hivyo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili. Spika za milango ya nyuma zimefungwa kwa adabu: waya umepitishwa kwenye mpira wa bawabani, haukwaruzwi na bati popote, na waya wa antena ya redio kol, ile ya mawasiliano, umeachwa mbali, haukuguswa. Kijana aliyefanya ile milango anajua anachofanya. Ukiangalia milango peke yake, hata tatu ningetoa.

Halafu nikachomoa fyuzi ya redio. Ilishaungua, wakaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Waya ukigusa bodi hapo hakuna cha kukata umeme, unawaka wenyewe nyuma ya dashibodi, na gari limebeba wageni na jerikeni la dizeli. Fyuzi mpya ni bei ya soda.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana. Siku akifungua karakana yake, hata chini ya mti, gari nampelekea yeye.