Tathmini: 1-NM-PP1, dawa ya kuzima Cdc28 kwenye hamira

Anayenunua 1-NM-PP1 akitegemea kupata chupa nzima ya seli za hamira zilizosimama mahali pamoja atasikitika. Anayeitaka ili azime kinasi moja (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine) ndani ya dakika chache, bila kupandisha joto wala kugusa kinasi nyingine, pesa yake haijapotea. Malalamiko mengi kuhusu dawa hii yanatokana na kuchanganya kazi hizo mbili.

Cdc28, kinasi inayoendesha mzunguko wa seli wa hamira Saccharomyces cerevisiae, haifanyi kitu bila siklini, protini zinazoiwasha, na siklini zake ni tisa: Cln1 hadi Cln3 kwa hatua ya G1 (kabla ya urudufu wa DNA), Clb5 na Clb6 kwa kuanzisha urudufu wa DNA, Clb1 hadi Clb4 kwa kuigawa seli. Ikishikana na Clb5 au Clb6, hubandika fosfeti kwenye Sld2 na Sld3, protini za kuanzisha urudufu, nazo zikaungana na nyingine, Dpb11. Hapo wasaidizi wawili, Cdc45 na GINS, hupata njia ya kujiunga na Mcm2-7, injini ya kufungua DNA, na DNA huanza kufunguliwa. Wakati huohuo kinasi hiyohiyo huzuia Mcm nyingine zisipakiwe kwenye vianzio vya urudufu: Cdc6 huvunjwa, Mcm zilizobaki hutolewa nje ya kiini, na ORC, protini inayokaa kwenye vianzio hivyo, nayo hubandikwa fosfeti. Kwa hiyo Cdc28 ndiyo inayofungua mlango, na ndiyo inayoufunga usifunguliwe mara ya pili katika mzunguko uleule. Likumbuke hilo kabla ya kuosha dawa, tutalirudia.

Dawa peke yake haitoshi, lazima uwe na aina ya hamira iitwayo cdc28-as1. Humo asidi amino ya 88, fenilalanini, imebadilishwa kuwa glisini. Fenilalanini ni nene, inaziba sehemu ya ndani ya mfuko wa ATP. Glisini inaacha nafasi, na kundi kubwa la naftili la 1-NM-PP1 linaingia humo. Mbinu hii ilitoka kwa kundi la Kevan Shokat na wenzake, nayo ilichapishwa mwaka 2000. Gharama yake ni kwamba Cdc28-as1 inaishika ATP kwa udhaifu kuliko ya asili, hivyo seli hukua polepole kidogo hata bila dawa. Ndiyo maana kipimo cha kulinganisha lazima kiwe na pande mbili: cdc28-as1 yenye DMSO tupu (kiyeyushi cha dawa), na hamira ya kawaida yenye dawa. Ukiacha mojawapo, huwezi kujua kama unaona kazi ya dawa au ulegevu wa kinasi yenyewe.

Kuitayarisha ni rahisi, ila inataka utaratibu. Uzito wa molekuli ni 331.4, kwa hiyo miligramu 5 katika mililita 1.51 za DMSO kavu zinakupa milimola 10. Gawa kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 50 na ugandishe. DMSO hugandia kwenye nyuzi 18 na ushei, kwa hiyo kichupa kitoke kwenye friza, kiyeyuke chote, kisha ukitikise. Ukichota kikiwa nusu barafu, dozi yako haitakuwa ile uliyoiandika daftarini. Kwa mikromola 5 katika mililita 50 za YPD (mchuzi wa kukuzia hamira) unahitaji mikrolita 25. Kwa nanomola 500 usijaribu kupima mikrolita 2.5, punguza kwanza hadi milimola 1 kwa DMSO, siyo kwa maji, halafu tia mikrolita 25 zilezile. Kiasi cha DMSO kinabaki asilimia 0.05 kote, na ulinganisho unakuwa wa haki. Maji haiyapendi dawa hii. Tone likianguka kwenye mchuzi baridi uliotulia, utaona utando mweupe, na hiyo ni dawa iliyokwisha kupotea. Tia huku chupa inazunguka, mchuzi ukiwa na nyuzi 30.

Dozi ndiyo inayoamua seli zisimame wapi. Kwenye nanomola 500 nyingi hupita G1, hurudufisha DNA, kisha hukwama kabla ya kugawanyika, zikiwa na vichipukizi virefu na DNA ya 2C, yaani iliyokwisha kurudufishwa. Kwenye mikromola 5 zilizo katika G1 nazo hukwama, bila kichipukizi, 1C (DNA haijarudufishwa). Maana yake kugawanyika kunadai nguvu kubwa zaidi ya Cdc28 kuliko kuanza mzunguko, na dawa hii inakuonyesha tofauti hiyo kwa kubadilisha dozi tu. Mutanti wa joto, ambao Cdc28 yao huzimika kwa joto, hawawezi: cdc28-4 na cdc28-13 husimama G1, cdc28-1N husimama kwenye mgawanyiko, na kila mmoja unampeleka nyuzi 37, joto ambalo lenyewe linaishtua seli.

Lakini ukitia mikromola 5 kwenye mchanganyiko wa seli za kila umri, kila seli inakwama ilipokuwa. Kwenye saitometa, mashine inayopima DNA ya kila seli, utapata vilele viwili, 1C na 2C, na utadhani dawa ni mbovu. Zipange kwanza kwa homoni ya alfa, inayosimamisha seli katika G1: nanogramu 50 kwa mililita zinatosha kwa bar1 iliyofutwa, lakini kwa yenye Bar1, inayoivunja homoni hiyo, tumia karibu mikrogramu 5. Subiri kama saa mbili, hadi zaidi ya asilimia 90 ziwe hazina kichipukizi. Osha kwa chujio, kisha hamishia kwenye mchuzi wenye dawa. Ukichelewa kuitia hadi urudufu umeanza, uma (sehemu za DNA zinazorudufishwa) zilizokwisha kuondoka zitaendelea na safari. Vianzio vya kuchelewa ndivyo vitakavyokosa kuwashwa.

Sasa kuhusu kuosha. Seli iliyokwisha kuwa na 2C, ukiizimia Cdc28 kabisa, inapata hali ya G1 kwa upande wa leseni: Mcm zinaweza kupakiwa tena. Ukiondoa dawa na kinasi ikarudi, seli inaweza kurudufisha upya bila kugawanyika, na kwenye saitometa utaona DNA ikivuka 2C. Wengine huita hilo uchafu kwenye data. Si uchafu, ni Cdc28 ikionyesha kazi yake ya kufunga mlango. Kama hulitaki, osha seli za G1 tu.

Dawa isipofanya kazi kabisa, mara nyingi tatizo liko kwenye hamira. Diploidi (hamira yenye seti mbili za kromosomu) yenye nakala moja ya jeni CDC28 ya kawaida haitajali dawa, na plasmidi yenye CDC28 vilevile. Panda matone kwenye sahani ya YPD yenye mikromola 5: cdc28-as1 isikue, ya kawaida ikue. Kisha soma mfuatano wa kodoni ya 88, herufi za jeni zinazoamua asidi amino hiyo. Sababu ya pili ni chupa iliyoshiba. Seli zilizomaliza chakula husimama G1 zenyewe, kwa hiyo anza OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ikiwa 0.2 hadi 0.3, na kabla ya kuhesabu vichipukizi kwenye hadubini zitenganishe kwa mawimbi ya sauti, sekunde chache tu.

Kwa Schizosaccharomyces pombe hukumu inageuka. Hamira hiyo hutumia sehemu kubwa ya mzunguko wake katika G2 (baada ya urudufu, kabla ya kugawanyika), na kinasi yake, Cdc2, ikiwa ya aina ya as, yaani iliyobadilishwa ipokee dawa kama cdc28-as1, dawa hii hukusanya seli kwenye mpaka wa G2 kisha huziachia pamoja baada ya kuoshwa. Hapo ununue kwa kupanga seli bila wasiwasi. Kwa anayetaka kuzima Cdc7, kinasi inayobandika fosfeti kwenye Mcm zenyewe, cdc7-as3 kwa kawaida hutumiwa na PP1, ndugu mdogo wa dawa hii, kwa hiyo soma lebo mara mbili kabla ya kuagiza.