Nilirefushiwa pedeli za pikipiki, ya gia ikanikatikia Kitonga

Nina urefu wa futi 6 na inchi 4. Miaka yote nimeendesha pikipiki za cc 150 magoti yakigonga usukani kila nikikata kona. Nikiendesha saa mbili mfululizo, nikishuka lazima nishike kiti kwanza, magoti yamekaza. Ndiyo maana fundi mmoja wa kuchomelea pale Iringa aliponiambia atasogeza vikanyagio mbele, na pedeli ya gia na ya breki atazirefusha zivifuate, nilimpa elfu 35 yake bila kuomba apunguze. Na wiki za mwanzo, jamani, raha! Goti limenyooka, kiuno hakiniumi. Nilimsifia kijiwe kizima.

Siku hiyo nateremka mlima Kitonga, lori la mizigo liko nyuma yangu, kona kali iko mbele. Nakanyaga nirudishe gia ya pili, mguu unapita hewani. Pedeli imekatika, imeangukia lami. Niko gia ya tatu kwenye mteremko ule, breki zinanuka. Ni Mungu tu aliyenipa upenyo wa kutoka pembeni.

Niliiokota nikaitazama. Bomba! Kaweka bomba jepesi mahali pa chuma kizima, tena hakusugua rangi kabla ya kuchomelea. Palipovunjika unaiona rangi ya zamani bado iko chini ya mchomeleo, chuma kimeshikana pembeni tu, upana wa ukucha. Pedeli ikirefuka, mguu unakibana kile kiungo zaidi kuliko mwanzo. Fundi asiyejua hilo anachomelea nini?

Nilijikokota na gia ya tatu hiyohiyo hadi Ruaha Mbuyuni. Karibu na wauza vitunguu kuna mzee mmoja fundi. Alichukua kipande cha chuma kizima, akasugua mpaka kikang'aa, akachomelea kuzunguka kote, kisha akapanda yeye mwenyewe akaikanyaga kwa uzito wake wote. "Haya, nenda salama mwanangu." Elfu 8.

Yule wa kwanza nilimpelekea kile kipande. Hata miwani hakuvua. "Kaka, shida ni hiyo miguu yako, siyo kazi yangu." Mbele ya wateja! Pesa naweza kuisamehe. Neno lile silisamehi.

Nilikaa kuandika hapa niwaambie warefu wenzangu msithubutu. Lakini juzi nimekwenda Morogoro na kurudi, magoti hayajauma hata kidogo, sasa nitawakatazaje? Fanyeni, ila simameni palepale mkaone chuma kinachowekwa na rangi ikisuguliwa.

Pedeli ya breki bado ni kazi ya yule wa kwanza. Kila nikiikanyaga naisikilizia. Kesho alfajiri, kabla malori hayajawa mengi, nashuka Kitonga polepole nimpelekee mzee.