Diani au Gazi: Pesa ya Mgeni Inalala Wapi?

Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kuna njia mbili za kuishi na watalii, na hazifanani. Diani imejenga hoteli ufukweni. Ina uwanja mdogo wa ndege pale Ukunda, mchanga mweupe, na ajira: wapishi, wahudumu, walinzi, madereva wa tuktuk. Gazi, kijiji cha wavuvi upande wa kusini, hakishindani kwa vitanda. Akina mama wa huko wana njia ya mbao ndani ya mikoko. Mgeni analipa kiingilio, anatembea juu ya tope huku kaa wakikimbilia mashimoni, kisha anapakuliwa wali wa nazi na samaki.

Kwa wingi wa ajira Diani inashinda, hilo halina ubishi. Lakini mgeni aliyelipia kila kitu kabla ya kupanda ndege hana haja ya kutoka getini, na muuza madafu barabarani hamwoni. Msimu ukiharibika, vibarua ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Gazi pesa ni ndogo, ila inaingia mkononi mwa akina mama wenyewe. Tena mikoko ile ina kipato cha pili: tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa, na mapato yamesaidia maji na shule za Gazi na kijiji jirani cha Makongeni.

Kaunti ikiniuliza, ningeanza kwa kukarabati zile mbao, maana maji ya chumvi hayazionei huruma. Kisha ningezibana hoteli za Diani ziweke matembezi ya mikoko kwenye ratiba za wageni wao.